Masomo ya Hali ya Hewa Mtandaoni: Yanasomekaje Nchelenge?

Katika zoezi la msamiati tunalowapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kulikuwa na swali lililoonekana jepesi kuliko yote: "Taja majira manne ya mwaka, na ueleze mvua inyeshavyo katika kila moja." Jibu lililotarajiwa lilikuwa masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Muhula uliopita mwanafunzi wetu mmoja, mzaliwa wa Kashikishi katika wilaya ya Nchelenge, aliiacha nafasi ya jibu wazi. Alipoulizwa sababu alijibu kwa adabu: "Mwalimu, mvua ya kwetu huanza Novemba na kwisha Aprili. Hakuna mbili. Niiite masika au niiite vuli?"

Hatukuwa na jibu la papo hapo. Tulimwelekeza kwenye mtandao, tukiamini kuwa siku hizi masomo ya hali ya hewa na tabianchi yamejaa humo, na ya Kiswahili nayo yapo. Alirudi na maswali mengi kuliko aliyoondoka nayo. Ndipo tukaamua kuzisoma nyenzo hizo sisi wenyewe, tukijiweka mahali pa msomaji aliye ufukoni mwa Ziwa Mweru, na makala haya yametokana na usomaji huo.

Huenda msomaji akajiuliza Kiswahili kinatafuta nini Nchelenge, mahali ambapo lugha ya sokoni na nyumbani ni Kibemba. Jibu liko ng'ambo ya maji. Ziwa Mweru limegawanywa na mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ufuo wa magharibi, penye miji ya Kilwa na Pweto, ni nchi ya Kiswahili cha Katanga, kile kinachosema "mvula" pale tunapofundisha "mvua". Wafanyabiashara wa samaki huvuka na lugha zao. Aidha, tangu mwaka 2018 wilaya ya Nchelenge ina makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa kwa ajili ya Wakongo waliokimbia mapigano kuanzia 2017, na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili. Basi msomaji tunayemzungumzia hatukumbuni.

Tuanze na sifa, kwa kuwa ipo inayostahili. Tovuti ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), taasisi iliyokuwa Wakala kabla ya sheria ya mwaka 2019 kuibadilisha hadhi, ndiyo nyenzo bora ya Kiswahili tuliyoisoma. Utabiri wake wa misimu umeandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka. Zaidi ya hayo, humo ndimo tulimokuta jibu la mwanafunzi wetu. TMA haina aina mbili za mvua bali tatu. Kuna Vuli, Oktoba hadi Desemba. Kuna Masika, Machi hadi Mei. Na kuna mvua za Msimu, Novemba hadi Aprili, kwa mikoa inayopata mvua mara moja kwa mwaka. Miongoni mwa mikoa hiyo ni Rukwa, Katavi na Songwe, ambayo ni majirani wa kaskazini ya Zambia. Mvua ya Kashikishi ni ya Msimu. Neno lilikuwapo siku zote. Zoezi letu ndilo lililolisahau.

Tunakiri kosa hilo kwa sababu si letu peke yetu. Masomo mengi ya Kiswahili tuliyoyasoma mtandaoni, hasa yale yaliyokusudiwa shule, yanarudia mpangilio uleule wa majira manne uliozaliwa pwani, na kueleza kwamba mvua huletwa na upepo kutoka Bahari ya Hindi. Kwa Tanga na Mombasa, sawa. Lakini mtoto wa Mweru anayeona mawingu ya Desemba yakitokea upande wa Kongo ataelewa nini? Kaskazini mwa Zambia, sehemu kubwa ya unyevu wa wakati huo huja na hewa inayopita juu ya bonde la Kongo, ikakutana na pepo za mashariki, huku ukanda wa mvua ukiwa umeshuka kusini ya ikweta kulifuata jua. TMA wenyewe huutaja mara kwa mara upepo wenye unyevunyevu kutoka misitu ya Kongo. Kwa nini basi masomo ya shule yanaunyamazia?

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo linahusu neno ambalo kila Mswahili sasa analijua: El Nino. Tangu mvua za 1997 na 1998 zilizobomoa madaraja na barabara nchini Kenya na Tanzania, neno hili katika Kiswahili cha kila siku limekuwa na maana ya "mvua kubwa ya maafa". Tumeona masomo ya mtandaoni yakilifasili hivyohivyo bila kusita. Hiyo ni athari ya mahali pamoja iliyogeuzwa kuwa maana ya neno. El Nino ni kupanda kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki katika eneo la ikweta, na matokeo yake hutofautiana kwa nchi. Mwaka 2023 ulitupa mfano ulio wazi kabisa. Katika vuli ya mwaka huo Kenya, Somalia na sehemu za Tanzania zilipata mafuriko. Katika msimu uleule, chini ya El Nino ileile, mvua zilikatika kusini mwa Afrika, na tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema akautangaza ukame kuwa janga la taifa nchini Zambia, baada ya wilaya 84 kati ya 116 kuathirika. Mzambia aliyejifunza kwa Kiswahili kwamba El Nino ni mvua kubwa angetayarisha shamba lake kinyume kabisa.

Nchelenge je? Iko kidogo kusini ya latitudo ya 9, jirani na eneo ambamo athari hizi mbili hupishana, upande mmoja ukielekea mvua nyingi na mwingine ukame. Hapo El Nino haitabiri jambo lolote kwa uhakika mkubwa. Somo zuri lingemwambia mwanafunzi hivyo waziwazi. Hatukulipata hata moja la Kiswahili lililosema hivyo, na tunadhani tunajua sababu: mwandishi wa somo hudhani msomaji wake anaishi alipo yeye.

Dhana hiyo ina hata ramani yake. Utabiri wa kikanda wa misimu hutolewa na majukwaa mawili tangu mwisho wa miaka ya 1990. Jukwaa la Pembe Kuu ya Afrika, liitwalo GHACOF, huandaliwa na kituo cha ICPAC cha Nairobi na kuhudumia nchi 11, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zikiwamo. Zambia na Kongo hazimo. Ziwa Mweru linahudumiwa na jukwaa la Kusini mwa Afrika, SARCOF, lililo chini ya SADC. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili akifuata ramani iliyozoeleka katika vyombo vya habari vya Afrika Mashariki, atakuta ziwa lake liko nje ya rangi. Akifuata ramani inayomhusu, ataikuta kwa Kiingereza. Tunakumbusha tu kwamba Agosti 2019, katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Dar es Salaam, SADC ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Idara za Kiswahili zilishangilia sana wakati ule, yetu ikiwa mojawapo. Taarifa ya utabiri wa msimu, yenye kurasa chache na msamiati usiobadilika mwaka hadi mwaka, ingekuwa kazi ya kwanza inayofaa ya tafsiri, na wanafunzi wetu wa tafsiri wanaiweza.

Lakini kutafsiri maneno peke yake hakutoshi, na hapa tuchukue neno "wastani". Katika taarifa za TMA mvua za wastani ni zile zilizo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu. Tuchukue mahali panapopata milimita 1,200 kwa mwaka: hapo milimita 900 ni wastani, na milimita 1,500 pia ni wastani. Mkulima anayesikia "mvua za wastani" anaelewa "mvua kama ya kawaida", ilhali miaka hiyo miwili haifanani hata kidogo shambani. Kamusi haimsaidii. Masomo ya mtandaoni tuliyoyasoma hulitumia neno hili bila kulieleza, kana kwamba lugha ya kawaida na lugha ya takwimu ni kitu kimoja.

Tuje kwenye maji yenyewe. Zipo nyenzo zisizohitaji lugha, na kati ya hizo tuliipenda ramani ya upepo ya earth.nullschool.net, iliyotengenezwa na Cameron Beccario mwaka 2013. Mwalimu mwenye kompyuta moja anaweza kulionyesha darasa zima pepo za dunia zikitiririka, na katika mwezi wa Julai wanafunzi wakaona wenyewe upepo wa kusi ukipanda kutoka kusini-mashariki. Tatizo ni kwamba ramani kama hizi hutokana na mahesabu yaliyofanywa kwa ajili ya dunia nzima, ambamo ziwa lenye upana wa kilomita 50 na ushei ni nukta chache tu. Upepo unaomhusu mvuvi wa Kashikishi ni ule unaovuma kutoka ziwani kuja nchi kavu mchana, na kurudi kutoka nchi kavu kwenda ziwani usiku, kwa sababu usiku ardhi hupoa upesi kuliko maji. Ramani ya dunia haiuonyeshi vizuri.

Kiswahili, kwa bahati, kina jina la huo wa usiku. Mabaharia wa pwani huuita umande, upepo wa baridi utokao bara. Kamusi nyingine huongeza kwamba umande ni upepo wa magharibi, na ni kweli, kwa kuwa pwani yetu bara iko magharibi. Mpeleke neno hilo Nchelenge, iliyo ufuo wa mashariki wa ziwa, na umande utatoka mashariki. Vuka hadi Kilwa ya Kongo, na saa ileile utatoka magharibi. Pepo mbili zinakutana katikati ya ziwa usiku, hewa inapanda, na pakiwa na unyevu wa kutosha radi huanza. Katika Ziwa Viktoria jambo hili limechunguzwa sana, na mradi wa HIGHWAY ulioanza 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani ulikusudiwa kuwapa wavuvi wake tahadhari za mapema. Kuhusu Mweru hatukupata somo lolote la Kiswahili. Ikumbukwe kwamba uvuvi wa ziwa hili hufungwa tarehe 1 Desemba na kufunguliwa tarehe 1 Machi. Mitumbwi hurudi majini msimu wa mvua ungali haujaisha.

(Jambo la kuchekesha kidogo: tulipoandika katika mtambo wa kutafutia "hali ya hewa Kilwa", tulipewa joto na upepo wa Kilwa Masoko, mkoa wa Lindi. Kilwa ya Mweru, si mji wala kisiwa chenye jina hilo, haikutokea hata tulipoendelea kurasa mbili mbele.)

Pwani imejificha hata katika namba. Masomo karibu yote hufundisha kuwa kanieneo ya kawaida ya hewa ni hektopaskali 1,013. Hiyo ni ya usawa wa bahari. Ziwa Mweru liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa huo, na mwanafunzi atakayepima kwa simu yenye kipimahewa atasoma takriban 910. Kwa mujibu wa somo alilolisoma, amesimama katikati ya kimbunga.

Kuhusu istilahi tutasema kwa ufupi, maana gazeti hili limeshazijadili. "Hali ya hewa" ni ya leo na kesho. "Tabianchi" ni ya muda mrefu, ambao kwa desturi ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni miaka 30. Kurasa nyingi bado huandika "mabadiliko ya hali ya hewa" kwa maana ya pili, na waandishi wa Kenya huongeza "hali ya anga". Ripoti za IPCC hutolewa rasmi katika lugha sita za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili hakimo, hivyo kila mfasiri hujichagulia. Kwa mwanafunzi wa Kibemba kuna mtego wa ziada ambao hakuna tovuti iliyoufikiria: "impepo" kwa lugha yake ni baridi. Anaposoma "upepo mkali" kwa mara ya kwanza, huenda akavaa sweta na kuingia mtumbwini.

Zoezi letu tumelibadilisha. Swali sasa linasema: "Andika miezi ambayo mvua hunyesha kwenu, inatokea upande gani, na mnaiitaje." Majibu ya kwanza yameletwa, na lile la Kashikishi lina ukurasa mzima. Mwenyewe ameomba liwekwe ubaoni pamoja na la mwenzake wa Tanga, ili wote wayasome kabla ya kufungua kompyuta.