Tabia Zetu Ndani ya Daladala

Makonda wamelaumiwa sana, wala mimi siwatetei. Lakini leo nataka kuzinena habari zetu sisi abiria tuketio, kwa maana tumezoea kumtazama mwenye kukusanya nauli na kujisahau wenyewe.

Jumatano moja, siku ya soko la Tengeru, nalitoka Arusha mjini wakati wa jioni nikirudi kwangu Maji ya Chai. Kutoka Sakina hata Tengeru njia ni nne, gari hukimbia. Mbele ya hapo hurudi kuwa mbili, na malori, pikipiki na daladala husongana. Pale Tengeru waliingia akina mama wa sokoni na matenga yao, na nyuma yao binti mdogo wa shule, mwenye umri upatao miaka tisa. Bwana mmoja aliyeketi karibu na mlango hakukubali kusogea ndani, ingawa palikuwa na nafasi. Aligeuza magoti tu ili watu wapite kwa kubanana. Mwingine alifungulia simu yake nyimbo kwa sauti kuu. (Kwaya yenyewe ilikuwa nzuri, lakini hatukumwomba.) Mtoto akasimama ameinama kati ya matenga, mfuko wake wa madaftari kifuani.

Mama mmoja alisema, "Baba, mpishe mtoto." Yule bwana akajibu, "Huyu analipa nauli ya mwanafunzi, acha asimame."

Neno hili nimelisikia mara nyingi, nalo lafaa kupimwa. Mwezi wa Desemba 2023 nauli mpya za LATRA zilipoanza kutumika, nauli ya mtu mzima katika daladala za mjini, kwa safari isiyozidi kilomita 10, ilipanda kutoka shilingi 500 hata 600, bali ya mwanafunzi iliachwa shilingi 200. Basi konda aona wanafunzi watatu ni sawa na mtu mzima mmoja, ndiyo maana huwakimbia vituoni. Hesabu hiyo ni ya konda na tajiri wake. Sisi abiria hatupati faida yoyote kwayo. Kwa nini basi tuichukue na kuifanya sheria yetu? Na bwana yule, je, alilipia magoti yake nauli ya pili?

Lakini nisimseme yeye peke yake. Mimi nalikuwa nimeketi dirishani, madaftari ya kusahihisha mapajani, nikatazama nje kana kwamba Mlima Meru nauona mara ya kwanza. Tulipofika Usa River mtoto alisema, "Shusha," kwa sauti ndogo. Kwaya ilikuwa ikiimba. Mtu mzima akitaka kushuka, wengine humpokezea neno mpaka limfikie dereva. Neno la mtoto hakuna aliyelipokea. Nalilisikia, nami nikadhani mwingine atasema.

Niliposhuka Maji ya Chai naye akashuka, akilia. Giza lilikwisha kuingia. Tulivuka barabara kungoja gari la kurudi. Makonda wawili walipoona sare yake walipita, wa tatu alisimama nilipomwonyesha noti mkononi. Nikapanda naye. Mama yake tulimkuta kituoni Usa, ana tochi, akimwulika kila mtu ashukaye. Alinishukuru sana, akaniita mwalimu mwema, nami sikupata ujasiri wa kumwambia kwamba nalikuwa karibu na mwanawe tangu Tengeru.

Wako watakaosema, "Mwalimu, tumechoka, tumesimama kutwa nzima kazini." Ni kweli, hata mimi nalikuwa nimechoka. Ila kupaza sauti na kusema "Shusha, kuna mtoto" hakuhitaji mtu ainuke kitini.

Tangu siku ile, mtoto akipanda nilipo, humwuliza, "Mwanangu, washukia wapi?" kisha hupokea neno lake kabla ya kituo. Mara mbili nimechekwa. Na juma lililopita konda mmoja aliniuliza, mbele ya watu wote, kama nimeacha ualimu nikaja kumnyang'anya kazi yake.