Jagi la chai lililopima waya

Friza la samaki kibandani kwa mama mmoja pale Mbamba Bay, mkoani Ruvuma, lilikuwa likinguruma sekunde chache, likikata, kisha likitulia kama limenuna. Mchana lilijitahidi. Jioni, mbasa wakishapangwa ndani, ndipo lilipogoma kabisa. Fundi wa mafriza alikuwa amekuja mara mbili, kabadilisha kifaa cha kuwashia kompresa, kalipwa, kaondoka. "Mwanangu, umeme wa huku mdogo," mama aliniambia, na majirani wakamuunga mkono.

Nikachomeka mita kwenye soketi ya friza. Volti 226. Kwa nyumba inayotarajia 230, hiyo si haba, na ndipo mafundi wengi hufunga mkoba. Mimi mwenyewe nimewahi kuufunga kwa kipimo cha namna hiyo. Kasoro yake ni kwamba kilichukuliwa wakati friza limekata. Ukinzani wa waya hauonekani mpaka mkondo upite: volti zinazopotea njiani ni mkondo mara ukinzani, na mkondo ukiwa sifuri hata waya uliooza utakuonyesha 226 safi.

Nilihitaji mzigo, lakini sikuwa na mita ya ampia ya kubana waya. Mama alikuwa na jagi la umeme la kuchemshia chai, limeandikwa chini wati 2,000 kwa volti 230. Hiyo ilitosha. Nguvu ni volti mara mkondo, kwa hiyo ukinzani wa jagi ni 230 mara 230, gawanya kwa 2,000: omu 26.45. Ukinzani wa waya wa hita haubadiliki sana kwa joto, kwa hiyo jagi likageuka kuwa mita yangu ya ampia. Jaribio hili lisingefaa kwa balbu ya zamani ya nyuzi, maana ukinzani wake ikiwa baridi na ikiwa inawaka ni vitu viwili tofauti kabisa.

Jagi likawashwa kwenye soketi ileile. Mita ikashuka hadi 206. Gawanya kwa 26.45, unapata ampia 7.8. Volti 20 zilizopotea, gawanya kwa 7.8: kati ya soketi na chanzo kulikuwa na omu 2.56 zilizojificha.

Zilijificha wapi? Nikahamia kwenye mita ya umeme ya LUKU kule nyumbani, jagi likiendelea kuchemka. Pale volti zilitoka 226 zikawa 224, yaani upande wa nguzo na transfoma ulikuwa na omu 0.26 tu. Umeme wa huku haukuwa mdogo. Volti 18 zilizobaki zilimezwa na waya wa mita 40 uliovutwa kutoka nyumbani hadi kibandani. Ulikuwa wa shaba, milimita za mraba 1.5, ambao una takribani omu 12 kwa kilomita. Kwenda na kurudi ni mita 80, kwa hiyo karibu omu 0.97. Nilichopima kilikuwa 2.3. Ziada hiyo haiwezi kutoka kwenye shaba nzima.

Katikati ya waya, chini ya bati, palikuwa na kiungo kilichofungwa tepu nyeusi. Nilizima mein swichi, nikabandua tepu, nikakuta nyaya mbili zimesokotwa mara mbili tatu kwa vidole na zimeota kutu ya kijani. Ndani, tepu ilikuwa imekauka kama ganda la muhogo. Umeme uliporudishwa na jagi kuwaka, niligusisha ncha za mita huku na huku ya kiungo, bila kukishika: volti 10.4. Mara 7.8, ni wati 81. Kwenye kiungo kidogo kuliko kidole, chini ya bati lenye jua la ziwani, joto la balbu nzima lilikuwa likikaangwa ndani ya tepu.

Nguvu inayopotea kwenye waya hukua kwa mraba wa mkondo. Ukiongeza mkondo mara mbili, hasara inakuwa mara nne. Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyo nyuma ya mradi wa msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, kilomita 250 hivi, uliowaondoa watu wa Ruvuma kwenye majenereta ya dizeli. Megawati 5 kwa kilovolti 33 zinahitaji ampia 87 kwenye kila waya. Kwa kilovolti 220 ni 13 tu. Kwa waya uleule, hasara inapungua mara 44.

Kule kibandani hatuwezi kupandisha volti, kwa hiyo tunashughulika na ukinzani. Kompresa ikianza huvuta mkondo mara kadhaa ya kawaida yake. Tuseme ni ampia 15: kwa omu 2.56 zinapotea volti 38, na friza linabaki na 188. Ndiyo maana lilinguruma tu.

Nilikwangua shaba mpaka ikang'aa, nikaibana kwa konekta ya skrubu, nikaifungia kwenye kiboksi. Jagi lilipowashwa tena, soketi ilisoma 216. Friza likaanza kwa mlio mmoja. Nilimshauri mama abadilishe waya wote, aweke wa milimita 2.5. Akauliza bei ya mita 40, akacheka, akasema hiyo itasubiri dagaa wa usipa watoke kwa wingi. Kisha akamimina chai kutoka kwenye jagi letu la vipimo.