Kikapu Kisichouzwa

Msukaji hodari wa agaseke, kikapu cha asili cha Burundi, humjui kwa mapambo ya kifuniko. Kipindue kikapu. Pale kwenye kitovu, anapoukunja msokoto wa kwanza wa majani na kuubana kwa uzi, kila mkono una tabia yake: huyu hukaza mno mizunguko ya mwanzo kisha hulegea, yule huacha fundo dogo ambalo kidole hulikuta kabla ya jicho. Mapambo huigwa. Kitovu hakuna anayekiiga, maana hakuna anayekitazama.

Pale Bugendana, Burundi, yupo mama mmoja anayekitazama. Ususi alifundishwa na shangazi yake, mwanamke mkali aliyekuwa na desturi ya kushika kazi ya mtoto, kuipapasa kimya, kisha kuifumua hadi pale kosa lilipoanzia, hata kama ni jasho la wiki nzima. Kosa la mzunguko wa tano halikufichwa kwa rangi kwenye mzunguko wa kumi. Shangazi huyo na mume wa mama huyu waliuawa siku moja, tarehe 20 Julai 1996, waasi wa Kihutu walipoivamia kambi ya Watutsi waliokimbia makwao na kuua watu zaidi ya 300. Siku tatu baadaye Rais Ntibantunganya alikwenda mazishini akafukuzwa kwa mawe. Tarehe 25 Meja Buyoya akatwaa madaraka. Wanaosimulia siasa huharakisha kufika kwenye mapinduzi hayo. Mjane alibaki palepale, na majani yake, na uzi wake.

Miaka ikapita mingi ndipo mgane mmoja akaanza kupita nyumbani kwake. Mhutu wa kilima cha jirani, aliyekimbilia kambi za Ngara, Tanzania, akarudi kupitia mpaka wa Kobero, Muyinga, akiwa na Kiswahili safi, kaburi la mke ameliacha huko. Watu wazima hawachumbiani kwa maneno mengi. Siku moja alimletea maharagwe ndani ya agaseke la zamani lililotunzwa na dada yake. Mama akayamimina maharagwe, akakipindua kikapu. Fundo la shangazi lilikuwa pale.

“Hiki mlikipata wapi?”

“Mama alituambia hakiuzwi. Zaidi ya hapo hakusema.”

Aliyesema zaidi ni dada mtu, tena kwa kuombwa mara nyingi. Oktoba 1993, siku zile Watutsi waliposakwa baada ya Rais Ndadaye kuuawa, mama yao alimficha shangazi nyuma ya ghala la mtama, mavuno yaliyofuata shangazi akarudi usiku na kikapu. Wote wawili wakafunga midomo hadi kufa.

Nimezoea kufikiri kwamba siri za vita ni siri za waovu. Hii ilikuwa ya wema, na ilizikwa kwa kina kilekile, kwa sababu ukimtaja aliyeficha umemtaja pia aliyekuwa akitafuta, na aliyetafuta huenda bado analima ng’ambo ya bonde, na watoto wake wanasoma na wako. Shangazi aliyefumua kila kosa la wengine alimwachia mwenyeji wake shukrani isiyo na jina wala sauti, akaiweka mahali ambapo ni mwanafunzi wake peke yake angeweza kuisoma. Sijui ushairi unaoshinda huo kwa ufupi.

Waliamua kuoana. Ndugu wengine wa pande zote mbili hawakufika.

Na si kikapu pekee kinachohifadhi mtu: mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilipofukua makaburi ya halaiki ya mauaji ya mwaka 1972 mkoani Karusi, ilitangaza mabaki ya watu 6,032, na baadhi yao walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Kitu kilichokaa na mtu humkumbuka mwenyewe. Lakini ni lazima awepo anayejua kukisoma, na hapo ndipo ninapoona tunapoteza.

Zawadi za harusi, zilizokuwa zikija ndani ya agaseke, siku hizi hubebwa katika mifuko na makreti, na noti hupita katika bahasha. Agaseke limebaki pambo la meza, dogo, jepesi, la uzi wa dukani wenye rangi kali, linalosukwa haraka kwa oda ya mgeni. Silaumu wanaolisuka, wanakula kwalo. Nawalaumu wanunuzi, nami nimo, tunaogeuza kikapu kutafuta bei tu. Mama yule alijaribu kuwafundisha wajukuu. Mmoja alikaa mizunguko minne, akakosea, na bibi alipoanza kufumua, mtoto akanyanyuka akaenda zake. Dukani viko vingi, alisema, tena vyote viko sawasawa.