‘Mtoto mmoja kati ya wanne’ ni kauli inayowapotosha wazazi

Juzi nilisoma kipeperushi cha kliniki kuhusu ugonjwa wa selimundu: ‘Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, mtoto mmoja kati ya wanne ataugua.’ Kisarufi, sentensi hiyo haina dosari. Kimaana, inapotosha. Mama niliyeketi naye aliisoma, akashusha pumzi: “Huyu wa kwanza ndiye mgonjwa, basi hao watatu wanaokuja watakuwa sawa.”

Sivyo! Kila mimba ina hesabu yake. Mtoto mgonjwa hawakingi wadogo zake. Aidha, mbebaji si mgonjwa. Ana jeni moja tu yenye hitilafu, aliyorithi kwa baba au kwa mama. Asilaumiwe mama peke yake.

Kipeperushi kingesema hivi: ‘Katika kila mimba, uwezekano wa mtoto kuugua ni asilimia 25.’