Mwanafunzi wa Kasese na milango ya mashindano ya kitaaluma

Mashindano mengi ya insha, hisabati na sayansi yanayotangazwa London, Arusha au Stockholm yako wazi kwa mwanafunzi wa sekondari wa Kasese au Bwera, Uganda, na mengine hayamtozi hata shilingi. Kazi ngumu ni kuyafikia. Tangazo hutoka mtandaoni ilhali mwanafunzi yuko bweni, ambako simu ni marufuku. Fomu hufungwa wakati wa likizo, shule ikiwa imefungwa na kompyuta zake. Shindano jingine halimpokei mtu mmojammoja, hupokea timu ya taifa tu, na hilo hajaambiwa na yeyote. Safu hii inachambua jinsi nafasi hizi zinavyotafutwa: pa kuanzia, mambo ya kukagua na wakati wa kuyakagua. Hoja yake kuu ni kwamba anayeanza na swali lake mwenyewe, kisha akatafuta shindano linalolifaa, husafiri mbali kuliko anayeanza na orodha ya zawadi.

Swali lipo mtoni

Nyamwamba hushuka kutoka Milima ya Rwenzori, hupita Kilembe na mji wa Kasese, kisha huelekea Ziwa George. Bonde lake limebeba historia nzito. Kilembe ilichimba shaba kuanzia 1956 hadi 1982, na reli kutoka Kampala ilifikishwa Kasese mwaka huo wa 1956 kwa ajili ya shaba hiyo. Uchimbaji uliacha zaidi ya tani milioni 15 za mabaki yenye shaba na kobalti kandokando ya mto. Mwaka 2017 Abraham Mwesigye na Susan Tumwebaze walichapisha katika jarida la Chemosphere utafiti wao juu ya metali nzito katika maji ya eneo hilo, yakiwemo yanayotumika majumbani. Huko juu mlimani, Richard Taylor na wenzake, miongoni mwao wanasayansi wa Uganda, walionyesha mwaka 2006 kwamba barafu ya Rwenzori ilipungua kutoka kilomita za mraba 2.01 mwaka 1987 hadi 0.96 mwaka 2003. Mto wenyewe ulifurika vibaya Mei 2013, na tena Mei 2020, safari hiyo ukaiharibu hospitali ya Kilembe.

Mwanafunzi anayeishi hapo ana mada ambayo wenzake wengi duniani wangelazimika kuisafiria. Hata hivyo mada bado haijawa swali. "Uchafuzi wa Mto Nyamwamba" ni mada, na kwa kidato cha tatu ni kubwa mno, kwa sababu kupima kobalti kunahitaji maabara ambayo shule haina. Ufundi wa kwanza ni kulipunguza swali mpaka litoshe vifaa vilivyopo. Kwa mfano: je, maji huwa na tope zaidi chini ya marundo ya mabaki kuliko juu yake, na tofauti hiyo hubadilikaje kati ya kiangazi na masika? Hapo kinachohitajika ni bomba jembamba linaloonyesha ndani, kisahani cha rangi nyeusi na nyeupe cha kuweka chini yake, rula, vijikaratasi vya kupimia asidi, kipimajoto na daftari. Mradi wa GLOBE, ulioanza mwaka 1995 kwa msaada wa shirika la anga la Marekani, NASA, hutoa bure maelekezo ya kupima maji kwa vifaa vya aina hiyo, hatua kwa hatua. Afrika Kusini nayo ina njia iitwayo miniSASS, inayokadiria afya ya mto kwa kuhesabu aina za wadudu na viumbe wadogo wanaoishi chini ya mawe. Ilitengenezwa kwa mito ya kusini, kwa hiyo mwanafunzi wa Kasese atakayeitumia aiseme kasoro hiyo katika ripoti yake. Waamuzi humpa alama anayejua mipaka ya kipimo chake.

Kwa habari za kobalti na shaba, hatapima mwenyewe. Atasoma utafiti uliochapishwa, atautaja kwa jina, kisha atalinganisha vituo vyake na vya watafiti hao. Hiyo ni kazi halali ya kisayansi, na ndiyo inayomtofautisha na mwenzake aliyenakili bango kutoka mtandaoni.

Bwera nako kuna maswali yake. Mpakani Mpondwe, biashara ya Uganda na Kongo hupita kila siku, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Bei ya bidhaa moja pande zote mbili za mpaka, ikirekodiwa kila siku ya soko kwa muhula mzima, inatosha kuwa utafiti wa uchumi.

Somo la Mpemba

Afrika Mashariki ina mfano wake wa swali la mwanafunzi lililofika kwenye jarida la kimataifa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Tanzania. Yeye na wenzake wakitengeneza aiskrimu ya maziwa, aliuweka mchanganyiko wake kwenye friza ukiwa bado moto ili asikose nafasi, akaona umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Darasa lilicheka, lakini Osborne aliporudi chuoni aliagiza jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education, na wanasayansi wanabishana juu yake hadi leo.

Kuuliza si ujinga, lakini tazama njia ambayo swali lenyewe lilipita. Mpemba hakujaza fomu ya shindano lolote. Alikuwa na jambo aliloliona kwa macho, alilirudia, na alimpata mtu mwenye maabara aliyekubali kulipima. Mwanafunzi wa Kasese anaweza kuipita njia hiyo kwa barua fupi kwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, Fort Portal, au cha Sayansi na Teknolojia, Mbarara. Barua inayofaa ina mambo manne: swali katika sentensi moja, kilichokwisha kupimwa, ombi moja tu lililo wazi, na jina la mwalimu anayesimamia. Anayeomba "msaada katika mradi wangu" ni rahisi kusahauliwa. Anayeomba aonyeshwe namna ya kuchora grafu ya vipimo ishirini amempa mhadhiri kazi anayoweza kuimaliza jioni moja.

Milango mitatu

Swali likishapatikana, mashindano hupangwa kwa mlango wake wa kuingilia. Zawadi husubiri.

Mlango wa kwanza ni wa mtu binafsi. Shindano la insha la Jumuiya ya Madola, linaloendeshwa na Royal Commonwealth Society tangu 1883, humpokea mwanafunzi yeyote wa nchi mwanachama mwenye umri usiozidi miaka 18, bila ada, na insha hutumwa mtandaoni. Breakthrough Junior Challenge, lililoanza 2015, huwataka vijana wa miaka 13 hadi 18 waeleze dhana ya sayansi kwa video fupi ya Kiingereza. Zawadi yake kuu imekuwa dola 250,000 za masomo kwa mshindi, dola 50,000 kwa mwalimu wake na maabara ya dola 100,000 kwa shule. Video inaweza kurekodiwa kwa simu. Uzito uko katika maelezo, na mtu aliyeona kwa macho yake barafu ikipungua ana la kueleza.

Mlango wa pili ni wa shule. Shindano la insha la Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa wanafunzi wa sekondari huchuja insha kwanza ndani ya nchi, kisha katika ngazi ya Jumuiya. Shindano la hisabati la Uganda Mathematical Society nalo huanzia shuleni. Hapa mkuu wa shule asipopata tangazo, au akilipata na kulifungia kwenye droo, mwanafunzi hana namna. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, umefungua upenyo: tathmini ya shuleni sasa ina asilimia 20 ya alama za mwisho, na kazi ya mradi ni sehemu ya masomo. Mradi uleule wa darasani, ukipangwa vizuri, unaweza kuwa kiini cha maombi ya shindano. Mwalimu haongezewi mzigo, anautumia aliokwisha kuubeba.

Mlango wa tatu ni wa taifa. Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, iliyoanza 1959, hupokea timu ya nchi isiyozidi wanafunzi sita. Wanafunzi hao hufanya maswali sita kwa siku mbili, saa nne na nusu kila siku. Stockholm Junior Water Prize, kwa vijana wa miaka 15 hadi 20, hupokea washindi wa mashindano ya kitaifa ya maji. Maonyesho ya ISEF ya Marekani, yaliyoanza 1950, hupokea washindi wa maonyesho yaliyosajiliwa nayo. Kuandika moja kwa moja kwa waandaaji hao ni kupoteza wakati. Swali la kwanza ni: nani mwandaaji wa nchi yetu mwaka huu? Tanzania ilipokosa maonyesho ya namna hiyo, Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry walianzisha Young Scientists Tanzania mwaka 2011 kwa kufuata mfano wa Ireland. Kenya ilifuata na Young Scientists Kenya. Mlango wa taifa ukiwa haupo, kuna watu wazima wanaoweza kuujenga.

Kalenda na vibali

Jambo linalowaangusha wengi ni tarehe. Programu nyingi za utafiti za kiangazi Marekani na Ulaya hufanyika kati ya Juni na Agosti, wakati shule za Uganda ziko katikati ya muhula wa pili. Maombi yake mengi hufungwa kati ya Desemba na Februari, mwanafunzi akiwa likizoni. Mtihani wa kidato cha nne huanza Oktoba, kwa hiyo shindano linalotaka ripoti mwezi huo halifai kwa mtahiniwa. Kuna faida moja iliyojificha. Olimpiadi ya hisabati hufanyika Julai na humtaka mshiriki awe chini ya miaka 20 na asiwe amejiunga na chuo kikuu. Aliyemaliza kidato cha sita Desemba, akiwa nyumbani anasubiri chuo, bado anastahili kuchaguliwa.

Mto nao una kalenda yake. Ukanda huu una mvua za Machi hadi Mei na za Agosti hadi Novemba. Vipimo vya Februari, vikirudiwa Aprili, vinamaliza ulinganisho wa kiangazi na masika ndani ya muhula wa kwanza. Kipimo cha masika kichukuliwe ukingoni au darajani, mtu mzima akiwepo. Aliyeona mafuriko ya Mei 2020 hahitaji kuelezwa sababu.

Vibali hutangulia vipimo. Anayetaka sampuli kutoka juu ya Kilembe, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Rwenzori, anahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Anayetaka kuwahoji wafanyabiashara wa Mpondwe ajue kwamba kanuni za ISEF zinataka utafiti unaohusu watu upitiwe na kuidhinishwa kabla ya swali la kwanza kuulizwa. Kanuni hizo pia zinakataza kuotesha bakteria nyumbani. Kazi nzuri inaweza kutupwa nje kwa sababu karatasi ilisainiwa baada ya vipimo kuchukuliwa.

Pesa

Barua pepe inayompongeza mwanafunzi kwa "kuteuliwa" kwenda kongamano ambalo hakuliomba, kisha ikataka maelfu ya dola, inauza safari. Zipo programu halali zinazotoza ada kubwa, na zipo zisizotoza kitu: Yale Young African Scholars, kwa mfano, haimtozi mwanafunzi wa Kiafrika ada ya kuomba wala ya kushiriki. Kabla ya kulipa, mzazi aulize mambo matatu: kuna mchujo wa kweli? Kuna msamaha wa ada, na unaombwa lini? Nauli na viza ni za nani? Jibu likikosekana katika ukurasa rasmi wa mwandaaji, pesa ibaki kwa karo.

Utafutaji huu hauhitaji shule tajiri. Unahitaji mwalimu mmoja aliyekabidhiwa jukumu hilo rasmi, karatasi moja ukutani yenye jina la shindano, mlango wake, umri na tarehe ya mwisho, na saa moja ya kompyuta kila wiki. Wakuu wa shule za Kasese na Bwera wanaweza kuyapanga hayo katika kikao cha kwanza cha muhula. Waanze na mashindano mawili tu, moja la mlango wa mtu binafsi na moja la shule, na wawaachie wanafunzi walete maswali.