Mkono mwepesi wa Thomas Dorsey

Katika ujana wake, Thomas Andrew Dorsey aliitwa kupiga piano kwenye karamu za usiku majumbani, zile ambazo wenye nyumba hawakutaka polisi wazisikie. Ilimbidi apige chini chini, watu wacheze hadi usiku wa manane bila mtaa kuamka. Wakampa jina: mpiga piano anayenong'ona. Kila ninaposikiliza nyimbo alizokuja kulipatia kanisa, nasikia mkono ule ule, mwepesi, unaojua kumpisha mwingine.

Alizaliwa mwaka 1899 Villa Rica, jimbo la Georgia, Marekani. Baba yake alihubiri Jumapili na siku nyingine akalima shamba la mwenye ardhi kwa kugawana mavuno. Mama yake alipiga kinanda kanisani. Kijana akaenda zake kwenye bluzi, na mwaka 1924 alikuwa akiongoza bendi ya Ma Rainey, malkia wa muziki huo. Mwaka uliofuata akamwoa Nettie Harper. Ma Rainey, kwa ukarimu ambao hausimuliwi vya kutosha, akampa Nettie kazi ya kutunza mavazi ya jukwaani ili mke na mume wasafiri pamoja.

Mwaka 1926 Dorsey akaanguka. Huzuni nzito ilimkamata, akashindwa kupiga, akashindwa kula, na hali hiyo ikamkalia kama miaka miwili. Nettie akafanya kazi ya dobi kulisha nyumba. Aliponyanyuka aliandika nyimbo za Injili, lakini mwaka huo huo wa 1928, pamoja na mpiga gitaa Tampa Red, alirekodi wimbo wa mizaha ya chumbani ulioitwa "It's Tight Like That", ukauzika mno. Wapo wanaoona aibu kuitaja miaka hii. Mimi naipenda, kwa sababu inamwonyesha mtu mwenye imani ya kweli na tumbo la kweli, anayetafuta njia ya kumtumikia Mungu kwa mikono aliyo nayo. Hakuwa na mikono mingine. Alipoingia kanisani aliingia na noti zake zilizopindwa, na baadhi ya wachungaji wakamfukuza mlangoni.

Agosti 1932 alikuwa St. Louis kwenye mkutano wa uamsho, akamwacha Nettie Chicago akiwa na mimba iliyofika siku zake. Telegramu ikamkuta jukwaani: mkewe amefariki akijifungua. Alirudi akamkuta mtoto wa kiume yu hai, na muda mfupi baadaye mtoto naye akafa. Mama na mwana walizikwa katika jeneza moja. Dorsey alisimulia baadaye kwamba alimkasirikia Mungu, akataka kuacha Injili na kurudi kwenye bluzi. Siku chache baadaye aliketi kwenye piano, akiwa na rafiki yake Theodore Frye, na wimbo "Take My Hand, Precious Lord" ukamjia.

Kazi yenyewe inastahili kutazamwa kwa subira. Sauti ya wimbo hakuitunga upya. Aliichukua kutoka wimbo wa kale wa kanisa uitwao "Maitland", ambao waumini waliujua tangu utotoni. Fundi mwenye kiburi angetaka kila kitu kiwe chake. Dorsey aliona kwamba mfiwa hana nguvu za kujifunza wimbo mgeni, basi akampa ambao tayari yu nao kifuani. Kisha akaupunguza mwendo, silabi moja ikapata nafasi ya kuvutwa, kupandishwa, kukatwa kwa pumzi. Mwishoni mwa mstari piano hujibu, kama gitaa linavyomjibu mwimbaji wa bluzi, halafu hunyamaza.

Na maneno! Nettie hayumo. Mtoto hayumo. Hakuna jeneza, hakuna St. Louis, hakuna swali la kwa nini. Kuna mtu aliyechoka, usiku na tufani, anayeomba ashikwe mkono aongozwe nyumbani. Mwanamume aliyekuwa na haki ya kulitaja jina la mkewe katika kila ubeti aliliacha nje, na kwa hiyo mjane wa Memphis, au mama aliyepoteza kijana, anaweza kuingia na marehemu wake mwenyewe. Hata Frye alipomshauri abadili neno moja katika jinsi ya kumwita Bwana, alikubali, kidonda kikiwa bado kibichi. Kukubali kusahihishwa katika hali hiyo ni ufundi na ni unyenyekevu kwa pamoja.

Karatasi za nyimbo alizochapisha zilikuwa na noti chache, mifupa mitupu. Mapambo alimwachia mwimbaji. Mwanakwaya yeyote aliyepokea wimbo kwa sikio ataelewa mara moja: karatasi hukumbusha tu, wimbo wenyewe uko kooni. Mahalia Jackson, aliyesafiri na Dorsey kutoka kanisa hadi kanisa, alijua kuijaza mifupa hiyo kuliko wote. Sallie Martin naye aliimba, akamnyooshea hesabu za biashara yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakashirikiana kuanzisha umoja wa kitaifa wa kwaya za Injili.

Dorsey alioa tena mwaka 1941, akapata watoto na kuwalea. Kwaya ya kanisa la Kibaptisti la Pilgrim, Chicago, aliishika kwa miongo kadhaa, mazoezi baada ya mazoezi, kazi ambayo haina makofi mengi. Jioni ya Aprili 4, 1968, Martin Luther King alimwomba mwanamuziki Ben Branch aupige wimbo ule wa "Precious Lord" usiku huo. Muda mfupi baadaye alipigwa risasi. Mahalia akauimba mazikoni.

Dorsey alifariki mwaka 1993, akiwa na miaka 93. Anayetaka kuisikia kazi yake vizuri atafute rekodi ya Mahalia ya mwaka 1956, mpiga piano akiwa Mildred Falls. Mara ya kwanza amsikilize Mahalia. Mara ya pili amsikilize Mildred peke yake, ahesabu ni mara ngapi anaacha kupiga.