Nani Anachekwa? Stendapu, Mtaji na Mtani wa Uluguru

Mwaka 2023 nilikaa saa mbili na nusu katika ukumbi mmoja mjini Morogoro nikimsikiliza mchekeshaji kijana aliyeletwa kutoka Dar es Salaam kuwafundisha wafanyabiashara wadogo namna ya kutunza mtaji. Waliomleta ni taasisi moja ya mikopo, jina lake halina haja hapa. Nilikwenda kwa sababu mama yangu mdogo, anayeuza ndizi sokoni, alipewa kadi mbili na hakutaka kwenda peke yake. Nilicheka sana, tena kwa sauti. Makala haya ni jaribio la kujiuliza nilikuwa namcheka nani.

Najua wapo watakaosema kwamba stendapu si fasihi, au kama ni fasihi basi ni ya vijiweni na haistahili kurasa hizi. Hoja hiyo imechakaa. Pale pana fanani, pana hadhira inayomjibu papo kwa papo, na maneno yanabadilika kufuatana na nyuso zilizo mbele yake. Hizo ndizo sifa za fasihi simulizi tulizokaririshwa mwaka wa kwanza. Kinachonishughulisha ni jambo jingine: dhamira ya sanaa hiyo inapokodiwa.

Tuanze kwa kumpa msanii haki yake. Kijana yule kazi anaijua. Kisa chake kikuu kilikuwa cha mama muuza maandazi. Anaamka saa kumi alfajiri, anakanda, anachoma hamsini. La kwanza anaonja kama sukari imekolea. La pili anaonja kuhakikisha la kwanza halikusema uongo. Mtoto wa shule mawili, mgeni aliyepita kusalimia mawili, mume "ambaye kazi hana ila njaa anayo" manne. Jioni mama anahesabu fedha, anarudia kuhesabu, anashika kiuno. Hapo msanii akanyamaza kabisa. Akageuka polepole kumtazama jirani wa kufikirika, akasema kwa sauti ya chini: "Kumbe ndiye wewe unayeniloga."

Ukumbi mzima hoi. Ule ukimya kabla ya neno la mwisho ndio uliobeba kisa, na sijaona mwigizaji wetu wa jukwaa la chuo anayeuweza. Zaidi ya hayo, funzo liliingia. Hakuna aliyetuambia tutenganishe fedha za biashara na za nyumbani, lakini kesho yake mama mdogo aliweka mikebe miwili chini ya meza yake, mmoja wa ndizi na mmoja wa ugali. Pale Mzumbe, chini ya milima hiyohiyo ya Uluguru, watu wanasomea utunzaji wa hesabu kwa miaka. Huyu bwana alitumia dakika sita. Atakayebeza uwezo huo wa kichekesho hajui anachokibeza.

Sasa maudhui. Baada ya mama wa maandazi alikuja kijana wa bodaboda aliyekopa akanunua simu, halafu mkulima kutoka mlimani anayeficha fedha kwenye kibuyu hadi panya wakala. Wote wajinga, wote maskini, wote wako kwenye viti mbele yake wakijicheka. Kuhusu mkopo wenyewe, kimya!

Ngoja niwape kichekesho ambacho hakikusemwa. Mama mdogo alikopa shilingi 200,000. Kabla hajazigusa zilikatwa 10,000 za fomu na mengineyo, akaondoka na 190,000. Marejesho ni 24,000 kila wiki kwa wiki kumi, jumla 240,000. Wiki ya tano ikiisha, amesharudisha 120,000, yaani zaidi ya nusu ya alichokopa, lakini riba bado inapigwa kana kwamba laki mbili zote anazo mkononi. Mtaani mikopo ya namna hii ina jina lake, "kausha damu", na jina lenyewe tayari ni nusu ya mzaha. Ilihitajika fundi kama yule kuumalizia. Lakini atauanzaje, na bahasha yake iko mfukoni mwa mwenye riba?

Tulipokuwa tunarudi nyumbani kwa miguu mama mdogo alikuwa bado anacheka. Halafu akasema: "Ila mwanangu, yale maandazi hayakuliwa na mume. Mtoto akiumwa usiku, mtaji ndiyo dawa. Yule kijana bado hajauguza." Huo ni uhakiki, tena mkali kuliko huu wangu.

Tatizo hili halikuanza na stendapu. Wanaoandika historia ya sanaa zetu za maonyesho wanaeleza kwamba vichekesho vya enzi ya ukoloni vilipenda kumcheka Mwafrika "mshamba" aliyejaribu kuiga uzungu akashindwa. Naona mshamba yuleyule amebadilishiwa nguo tu. Zamani alikosa ustaarabu, leo amekosa "elimu ya ujasiriamali". Katikati tulikuwa na mkondo mwingine. Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania Dar es Salaam walikuwa wajanja wa mjini, na kicheko kiliwaangukia wao wenyewe. Msikilizaji alijifunza hila za utapeli kwa kumcheka tapeli. Na mwaka 1986, katika kijiji cha Mkambalani nje kidogo ya mji wa Morogoro, Penina Mlama na wenzake walifanya kazi aliyoieleza katika kitabu chake cha 1991, ya sanaa ya maonyesho inayotoka kwa wanakijiji wenyewe: wanachagua tatizo, wanaliigiza, wanalijadili. Mlama ni mwenyeji wa mkoa huu. Sidhani kama waandaaji wa ile semina yetu waliwahi kumsikia.

Watanisuta kwamba muhimu ni matokeo. Haya, tuyatazame. Mwaka 2011 Femina Hip walirusha kwenye televisheni shindano la vijana wajasiriamali lililoitwa Ruka Juu. Halikuwa la vichekesho, lakini lilikuwa burudani yenye mafunzo vilevile. Watafiti waliwafuatilia wanafunzi wa sekondari zaidi ya elfu mbili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Hamu ya biashara ilionekana kupanda, hasa kwa wasichana. Lakini jambo kubwa waliloliona ni kwamba kipindi kilipunguza bidii ya shule bila kuweka badala yake kitu kingine cha maana. Burudani ilifaulu kuuza ndoto. Duka halikufunguka.

Basi nirudi mlimani, maana huko ndiko nilikoona somo la biashara lililonikaa hadi leo, tena msibani. Utani wa Waluguru si jambo geni kwa wasomi. Christensen aliuandikia makala tangu 1963. Mtani wa ukoo ana ruhusa ya kusema makaburini yale ambayo mwingine akiyasema atapigwa, na ana kazi ya kufanya pale, na ana malipo yake.

Huko Mgeta, juu ya Mlali, alifariki mzee mmoja mnunuzi wa viazi. Alikuwa mtu wa lumbesa: gunia linajazwa hadi mdomoni, halafu linashonewa kilemba juu yake, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Wakati wa kufukia kaburi mtani akawazuia vijana wenye majembe. Akapanda juu ya kifusi, akaingiza mikono mifukoni kama marehemu alivyozoea, akakohoa kama yeye. "Ongeza," akasema. Wakaongeza udongo. "Bado, hilo si gunia. Ongeza!" Wakaongeza. Akaushindilia kwa miguu. "Shona kilemba!" Wanawake waliokuwa wakilia wakaangua kicheko, wakalia tena, wakacheka. Nyuma yangu walisimama wanunuzi wawili waliokuja kumzika mwenzao. Mmoja aliangalia viatu vyake muda mrefu.

Tofauti ya maonyesho haya mawili haiko kwenye kipaji. Kwa kipaji kitupu kijana wa Dar angemshinda mtani yule asubuhi na mapema. Lakini mtani alimcheka aliyepanga bei, mbele ya waliopangiwa bei na mbele ya wanaoendelea kuipanga. Na hakumtukana marehemu: alimwigiza kwa usahihi wa mtu aliyemuuzia viazi miaka mingi. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, na matangazo yamepigwa sana. Mimi maana yake niliielewa siku ile.

Mazishi yalipokwisha mtani akadai haki yake kwa watoto wa marehemu. Wakamletea debe la viazi. Hakulipokea hivihivi. Alilitikisa, akatazama viazi vikishuka, akamwambia mtoto mkubwa: "Baba yako angeongeza."

Wakaongeza.